Nimeipeleka flashi ya Godox TT600 kwenye kicheni pati kumi na moja

Kicheni pati za Dar es Salaam hazimsubiri mpiga picha ajipange. Ukifika ukumbini saa kumi na mbili jioni, wapambaji bado wako juu ya ngazi. Saa moja na nusu wageni wameshajaa, kila mmoja na sare ya kitenge aliyoisubiri kwa fundi wiki mbili, kilemba kimekaa, uso umepambwa, na anataka picha yake kabla jasho halijaanza. Mimi huitwa kwa sababu ni mwanamke. Wanaume hawaingii, na yanayosemwa na makungwi mle ndani si ya kila sikio. Kwa hiyo kazi yangu si bibi harusi mtarajiwa peke yake. Ni nyuso za mashangazi, mama wakubwa, mashoga wa utotoni na majirani. Jumatatu yake kila mmoja ataangalia picha moja tu, ya kwake, na kwa hiyo moja ataamua kama najua kazi.

Kamera yangu ni Canon 700D na lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa 1.8. Kwa miaka miwili nilitegemea flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera yenyewe. Mnaijua kazi yake: uso unakuwa bapa, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, kivuli cheusi kinamganda mgeni ukutani, na nyuma yake ukumbi wote uliopambwa kwa mamilioni unageuka giza. Kuna mama mmoja Tabata alizitazama picha zake akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu si mimi." Hakugomba. Alilipa. Lakini neno lile lilinitoa usingizini, na mwezi ule ule nikanunua TT600.

Niseme kwanza ni kitu gani. TT600 ni flashi ya kuongoza kwa mkono. Haina TTL, yaani haizungumzi na kamera ili ijipimie mwanga. Wewe ndiye unayeiambia itoe nguvu kiasi gani, kuanzia yote, 1/1, hadi sehemu ndogo kabisa, 1/128. Inatumia betri nne za AA. Kichwa chake kinainama na kuzunguka, na unakisogeza kwa vitufe kutoka milimita 20 hadi 200, ama kuutawanya mwanga ama kuukusanya. Ndani ina kipokezi cha redio cha mfumo wa Godox wa 2.4 GHz, na hicho ndicho kilichonifanya niichague. Mimi nililipa shilingi 185,000. Ndugu zake wenye TTL, kama TT685 au V860 yenye betri yake ya lithiamu, wanakwenda juu zaidi kwa bei.

Kabla hujatoa pesa, angalia kamera yako pale juu inapokaa flashi. Katikati lazima pawe na kituo kimoja cha chuma, kile cha duara. Ikikaa juu ya kamera, TT600 inawaka kupitia hicho tu. Canon walikiondoa kwenye baadhi ya kamera zao za bei nafuu, zikiwemo 250D na 4000D, na juu ya hizo TT600 ya kawaida haitawaka hata uibonyeze vipi. Mwenye Sony atafute ile inayoitwa TT600S. Nimeona wasichana wawili wakinunua bila kujua hili.

Siku ya kwanza niliivaa juu ya kamera nikaielekeza darini. Ukumbi ulikuwa na dari nyeupe ya jipsamu, si ya juu sana, na nilichokiona kwenye kioo cha kamera kilinifanya nisimame. Mwanga ulipanda, ukapiga dari, ukarudi chini umetandaa kama wa barazani mawingu yakiwepo. Hakuna kivuli ukutani. Vitenge vilitoka na rangi zake, na vilemba vikaonekana mikunjo. Nilidhani nimemaliza kujifunza.

Wiki mbili baadaye nikaingia ukumbi mwingine, Sinza, dari yote imefunikwa vitambaa vya waridi vilivyoning'inizwa kutoka katikati hadi kwenye kuta. Pazuri mno kwa macho. Nikaelekeza flashi juu kama nilivyozoea, na kila uso ukatoka wa waridi, hata meno. Mwanga huchukua rangi ya kile unachokipiga kabla haujamfikia mtu. Rangi ile ukijaribu kuiondoa kwenye kompyuta, ngozi inageuka kijani na kitenge kinapotea. Jioni ile niliokolewa na ukuta mmoja mweupe upande wa jikoni. Niliwasogeza wageni hadi mita mbili kutoka pale, nikazungusha kichwa cha flashi kikatazama ukuta, na mwanga ukaja kutoka ubavuni. Tangu siku hiyo, ukumbini naangalia dari kwanza, halafu ndiyo nasalimia kamati.

Na ni ubavuni pale nilipoelewa ngozi zetu. Kuna watu wanadhani ngozi nyeusi inahitaji mwanga mwingi, basi wanaongeza nguvu hadi picha inaungua. Mimi nimeona inahitaji mwanga unaotoka mahali sahihi. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake, na mng'ao huo ndio unaochora shavu, pua na taya. Ukiupiga mwanga usoni moja kwa moja kutoka kwenye kamera, mng'ao wote unarundikana kwenye paji la uso na ncha ya pua. Ukiuleta kutoka pembeni, mpana na wa karibu, unateleza juu ya shavu taratibu na uso unapata umbo. Hata jasho dogo la saa tatu usiku linakuwa pambo.

Kuna na habari ya poda. Poda nyingi za kumalizia zina silika, na krimu nyingi za kuzuia jua zina zinki au titani. Kwa macho huzioni, lakini flashi ikiwa karibu na lenzi zinairudishia kamera mwanga moja kwa moja, na mdada aliyepambwa vizuri kabisa anatoka na mabaka meupe chini ya macho kama kamwagiwa unga. Lawama anabebeshwa mpambaji, au mpiga picha. Flashi ikihamia pembeni, mabaka yanapungua sana. Siku hizi namwomba mpambaji aniruhusu nipige picha moja ya majaribio kabla bibi harusi hajatoka chumbani. Dakika moja tu, na tunaongea kama watu wa kazi moja.

Kwa hiyo niliiondoa flashi juu ya kamera kabisa. Nilinunua stendi na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, vyote shilingi 75,000. Sasa kila shughuli natafuta kona, mara nyingi karibu na mlango wageni wanapoingilia, naweka kiti kimoja kirefu na pazia la waandaaji nyuma. Stendi inakaa upande wa kushoto, nyuzi kama 45 kutoka usoni kwa mgeni, mwavuli juu kidogo ya kichwa chake, mita moja na nusu. Chini ya stendi nafunga mfuko wa mchele wa kilo tano, maana ngoma ikianza mama akipita na nyonga yake stendi inalala. Mchele narudi nao nyumbani.

Vipimo vyangu vya kona hiyo sijavibadilisha sana tangu kicheni pati ya nne: ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), uwazi wa lenzi f/5.6, kasi ya shata 1/125 ya sekunde, flashi 1/16. Mgeni anakaa, nabonyeza, anatoka, anakuja mwingine. Hapa ndipo kukosekana kwa TTL kulikoniuma mwanzoni kukageuka faida, na nasema hivi baada ya kuazima flashi yenye TTL kwa jioni nzima na kulinganisha. Kipimo cha otomatiki hutazama kila kilichomo kwenye fremu na kutaka wastani wake. Akija mama aliyevaa nyeupe tupu, kinashusha mwanga na uso wake unazama. Akija aliyevaa nyeusi, kinapandisha na uso unaungua. Wageni hamsini, mwanga hamsini. Flashi ya mkono haijali umevaa nini. Maadamu kiti hakijasogea, mgeni wa kwanza na wa hamsini wanapata mwanga uleule, na mimi nyumbani narekebisha picha moja halafu nawapa zote marekebisho yaleyale. Saa tatu za kompyuta zimekuwa dakika arobaini.

Lakini kiti kisisogee, nasisitiza. Umbali kati ya flashi na mtu ukizidi mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo. Kutoka mita moja na nusu hadi mita tatu, ile 1/16 lazima iwe 1/4. Nabandika gundi ya karatasi sakafuni kwenye miguu ya kiti na ya stendi, kwa sababu kila shangazi akikaa huvuta kiti mahali anapopapenda.

Shata nayo ina siri yake. Mwanga wa flashi ni mfupi mno kuliko muda ambao shata iko wazi, hivyo kubadilisha kasi ya shata hakugusi mwanga wa usoni. Kunagusa ule wa ukumbi tu. Nikitaka taa ndogo za mapambo nyuma ya mgeni ziwake kama dhahabu, nashusha hadi 1/40 na kumwomba atulie. Dijei akiwa na zile taa zake za zambarau na kijani zinazozunguka, napandisha hadi 1/160 zisichore alama kwenye mashavu ya watu. Juu ya 1/200 siendi, kwa kuwa ndiyo mwisho wa 700D ikitumia flashi. Ukivuka hapo picha inakuja na utepe mweusi. Taa za ukumbi zikiwa za manjano, nafunika kichwa cha flashi kwa kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa, ili uso na ukumbi vifanane na ngozi isionekane baridi mbele ya mandhari ya joto.

Sasa namna ya kuiwasha ikiwa mbali. Mwanzoni sikuwa na pesa ya triga, kile kifaa cha juu ya kamera kinachoiwasha flashi iliyo mbali. TT600 ina hali mbili, S1 na S2, ambapo inawaka yenyewe ikiona flashi nyingine. Ya kamera yangu hutoa mmuliko mdogo wa kupima kabla ya ule wenyewe, kwa hiyo niliiweka S2, inayouruka huo wa kwanza. Ilifanya kazi vizuri kwenye shughuli mbili. Kwenye ya tatu binti wa familia alikuja na kamera yake, na kila alipobonyeza yeye, flashi yangu iliwaka. Mimi nikibonyeza, inakuta bado inajijaza. Tulizungumza, tukapeana zamu, lakini usiku ule nilipoteza nyuso ambazo sitazipata tena. Nikanunua triga ya redio, X2T-C, herufi C ikiwa ya Canon. Ina chaneli 32 na namba ya utambulisho unayoweka mwenyewe, hivyo hata ukumbini kuwe na Godox nyingine, kila moja inamsikiliza mwenyewe. Tena nguvu ya flashi naibadilisha mkononi bila kwenda kwenye mwavuli. Ilinigharimu karibu sawa na flashi yenyewe, na sijutii hata senti. Faida nyingine ya triga ni kwamba TT600 ikiwa mbali inakubali shata ya kasi kubwa, kuipita ile 1/200, jambo ambalo ikikaa juu ya kamera haliwezi. Nimelitumia mara moja tu, shughuli ya bustanini saa kumi na moja, jua bado kali.

Betri ni somo la peke yake. Niliwahi kununua Kariakoo betri za kuchaji zilizoandikwa 3800 mAh, yaani kiasi cha umeme zinachobeba, kwa herufi kubwa. Baada ya picha sitini flashi ilianza kuvuta pumzi ndefu kila mmuliko. Betri za kuchaji za AA za kweli, zile za NiMH, hazizidi sana 2,700, kwa hiyo namba kubwa ya kutisha ni sababu ya kuiacha pale pale kwenye meza ya muuzaji. Sasa natumia Eneloop seti tatu, kila seti ina kijifuko chake, na sichanganyi ya seti hii na ile. Godox wenyewe wanataja kama mimuliko 230 ya nguvu yote kwa betri za 2500, na sekunde 2.6 kujijaza. Kwa 1/16 mimi nimepiga picha 412 na seti moja, na kila nikibonyeza iko tayari. Kuna jioni umeme ulikatika na ukumbi ukakaa dakika ishirini ukisubiri jenereta. Kona yangu haikusimama. Dada mmoja alimmulika mgeni usoni kwa tochi ya simu ili lenzi ipate kulenga, akaizima, nikabonyeza. Wageni walipanga foleni gizani huku wakiimba.

Isipopendeza ni kwenye mwendo. Bibi harusi mtarajiwa anapoingia akicheza kutoka mlangoni hadi meza kuu, yuko mita sita, mara mita tatu, mara amenifikia. Kwa flashi ya mkono iliyoelekezwa usoni huwezi kuufuata umbali ule. Nikipandisha nguvu kwa mita sita, kwenye mita mbili ameungua. Dari nyeupe ikiwepo napiga juu, kwani mwanga ukishajaa chumba kizima umbali haupigi kelele sana. Dari ikiwa ya vitambaa, hapo mwenye TTL ananipita, na kama kazi yako kubwa ni maandamano ya maharusi nakushauri uanzie kwenye TT685. Pia zumu ya TT600 haiifuati lenzi. Ukibadilisha lenzi, kumbuka kuibadilisha na yenyewe. Na usiifululize nguvu yote: maelekezo yake yanataka ipumzike kama dakika kumi baada ya mimuliko thelathini mfululizo ya 1/1. Kwenye kona yangu sijawahi kufika huko.

Niwaambie picha ninayoipenda kuliko zote. Kicheni pati ya tisa, Mbagala. Bibi mzaa mama wa bibi harusi aliletwa na wajukuu wawili wakimshika mikono, kanga mbili, miwani mizito. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo taa haitanichoma macho?" Nikamwonyesha mwavuli, nikauwasha mara moja yeye akiwa pembeni aone. Akacheka. Miwani ilikuwa inarudisha umbo la mwavuli mweupe mbele ya macho, basi nikapandisha stendi shubiri mbili, nikamwomba ashushe kidevu kidogo tu, na weupe ukatoka kwenye vioo. Nilipunguza hadi 1/32 na kusogeza mwavuli karibu kabisa, ukawa kama dirisha. Makunyanzi yake yote yamo, hakuna lililofichwa, na hakuna lililokatwa na kivuli kikali. Akaomba kuiona kwenye kioo cha kamera. Akaitazama kwa muda, akagusa kioo kwa kidole, akasema, "Ndiye mimi." Nikakumbuka mama wa Tabata.

Kwa mpiga picha wa shughuli anayetaka nyuso, mwenye kona, kiti, na subira ya jioni mbili tatu za kujifunza nyumbani kwa kumkalisha mdogo wake, naipa TT600 alama tisa kwa kumi. Anunue na triga siku hiyo hiyo, hata kama itabidi stendi isubiri mwezi ujao na flashi ishikwe na rafiki. Moja niliyoikata ni ya maandamano.

TT600 ya pili nimeshailipia. Itakaa sakafuni nyuma ya kiti, ikitazama pazia, 1/64 na kile kipande cha chungwa. Kicheni pati ya kumi na mbili ni Jumamosi, Ukonga, na nimeambiwa dari ni nyeupe.